Aliyepona Kwanza

Dobi alipona kwanza, na kupona huko kukamvunja moyo kuliko ugonjwa wenyewe.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni na mvuke, na mtaa mzima ulimwita kwa kazi yake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kulikuwa na kaunta na nguo za wateja zilizotundikwa, katikati meza mbili za kupigia pasi, nyuma mashine za kufulia na mlango wa kutokea uani kwenye kamba za kuanikia. Meza moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mdogo wake wa tumbo moja, ambaye wateja walimbandika jina la Cherehani, kwa sababu akianza kuongea alikuwa hakati uzi.

Duka lilikuwa la Dobi, lakini uhai wake ulikuwa Cherehani. Watu walileta mashati ambayo hata hayajachafuka, ilimradi wapate kumsikiliza. Akishika kola tu alijua mwenye shati analala wapi siku hizi, na hakuwa na haya ya kusema. "Shemeji, hii kola imepigwa pasi na mtu mwenye hasira. Umemfanya nini mwenzio?" Mteja hucheka, wa nyuma yake hucheka, na Dobi naye hutabasamu huku ameinamia suruali yake, maana yeye hakuwa mtu wa maneno.

Walikaa ua mmoja nyuma ya duka, Dobi upande huu, Cherehani upande ule na mumewe, dereva wa malori ambaye alikuwa barabarani zaidi ya nyumbani. Cherehani na mumewe walikuwa na binti mmoja, mtoto wa miaka minne asiyetulia mahali pamoja, wakamwita Kiroboto. Dobi hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akaachika, akarudi kwenye pasi zake, na habari hiyo ikakunjwa ikawekwa. Kiroboto alimwita Mama Mkubwa, kama inavyopasa.

Kisha mama yao akafariki. Walimzika, wakapokea pole za watu, wakafungua duka. Ilionekana wameupokea msiba vizuri. Lakini miezi michache baadaye Dobi alianza kuamka amechoka kama aliyebeba mawe. Chakula kikawa hakina ladha. Asubuhi moja aliweka pasi juu ya shati jeupe la bwana harusi akasimama akiitazama. Aliona kitambaa kikigeuka rangi ya kahawia, akasikia harufu ya kuungua, na mkono wake haukutaka kuinuka. Cherehani ndiye aliyekuja mbio akaiondoa.

"Dada! Bwana harusi ataoa na dirisha mgongoni!"

Ulikuwa mzaha wake wa mwisho mwisho. Haikupita muda mrefu naye akaanza kukauka maneno. Wateja walidhani amenuna, wakaanza kumtania, kisha wakaacha. Alikuwa akikaa kwenye kiti nyuma ya mashine, mikono mapajani, akitazama nguo zikizunguka ndani ya kioo mpaka mashine isimame, na ikisimama aliendelea kutazama.

Muuguzi mmoja, mteja wao wa siku nyingi, ndiye aliyefunga mlango wa duka akawakalisha chini. "Huu si uvivu," aliwaambia, "wala si jicho la mtu. Hii inaitwa sonona, na ina dawa. Kesho nawapeleka mwenyewe."

Daktari wa akili alikuwa mwanamama mwembamba, mpole, aliyesubiri mtu amalize hata kama mtu mwenyewe hajui anamaliza lini. Aliwaandikia wote wawili dawa ile ile. "Msiitegemee kesho wala keshokutwa," alisema. "Dawa hizi hazina haraka. Lakini msiziache." Kisha akawaomba jambo. Hospitali ilikuwa ikifanya utafiti kuhusu ubongo wa watu wenye sonona, kutaka kujua kwa nini dawa moja humwinua huyu na kumwacha yule. Wangekubali kupigwa picha za kichwa kabla ya kuanza kumeza?

Dobi alimtazama mdogo wake. Cherehani aliinua mabega. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasema kitu kirefu. "Daktari, ukikuta humo ndani hamna kitu, usimwambie dada. Anautafuta ushahidi tangu utotoni."

Daktari alicheka. Cherehani hakucheka.

Mashine ya kupigia picha ilikuwa pango jeupe lenye makelele. Dobi alilala humo akafikiria mashine yake ya kufulia pale mtu anaposahau mkanda wenye kifungo cha chuma ndani ya suruali. Alitoka masikio yakivuma. Cherehani alitoka kama alivyoingia.

Wakaanza kumeza. Kila asubuhi Dobi alivuka ua na glasi mbili za maji, wakakaa kizingitini, wakameza pamoja kama watoto waliolazimishwa. Wiki zikapita bila lolote ila mdomo mkavu. Kisha siku moja Dobi alikunywa chai akagundua ina sukari nyingi mno. Alisimama na kikombe mkononi. Tangu augue chai ilikuwa maji ya moto tu, na sasa ilikuwa tamu ya kukera, akatamani kugombana na mtu kwa ajili yake.

Siku hiyo hiyo fundi bomba, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, alikuja kuchukua suruali yake, akaijaribisha kiunoni pale pale kwenye kaunta. "Mmeinyweza!" alilalamika. "Imerudi ndogo!"

"Suruali ni ile ile, mzee," Dobi alimjibu. "Aliyebadilika ni mwingine."

Fundi akaangua kicheko, na Dobi naye akacheka, kicheko kilichotoka tumboni kikamshtua mwenyewe. Akageuka amwone mdogo wake kama amesikia. Cherehani alikuwa kwenye meza yake akipitisha pasi juu ya foronya, huku na huku, huku na huku. Waya wa pasi ulikuwa chini. Haikuwa imechomekwa ukutani.

Dobi aliacha kucheka, akaenda kuichomeka.

Kuanzia hapo alianza kuficha. Aliburuta miguu. Aliacha chakula nusu, kisha akaja kumalizia peke yake jikoni. Mteja akisema la kuchekesha, alijifanya anakohoa. Aliona haya, kama mtu aliyeshiba anayeogopa kucheua mbele ya wenye njaa. Walikuwa wamelala tumbo moja, wameomboleza mama mmoja, wanameza kidonge kimoja. Kwa haki ipi yeye asikie utamu wa chai na mwenzake asisikie?

Baada ya wiki kadhaa za maigizo hayo, wakiwa wameketi kizingitini na glasi zao, Cherehani alisema bila kumtazama, "Dada."

"Nipo."

"Unaigiza vibaya."

"Naigiza nini tena?"

"Ugonjwa. Unaburuta miguu hapa uani, ukifika dukani unatembea. Jana nimekusikia unaimba bafuni. Umepona, si umepona?"

Dobi alizungusha glasi mikononi. "Nimepata nafuu kidogo."

"Basi pona," Cherehani alisema taratibu. "Usinibebeshe na hilo pia."

Waliporudi kwa daktari, Cherehani ndiye aliyeuliza. Alikuwa haulizi kitu siku hizo, lakini siku hiyo alikuja na swali lake tayari. "Dawa ni moja. Mbona imemwona yeye tu?"

Daktari alisita. Alisema picha zile ni za utafiti, hazikupigwa kwa ajili ya kumtabiria mtu. Cherehani akasema anataka kuiona yake. Mwishowe daktari akawageuzia kioo cha kompyuta, na hapo wakaona vichwa vyao viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, vyeusi na vya kijivu, kama matunda yaliyokatwa katikati.

"Hapa ndani kabisa, usawa wa masikio," daktari alionyesha kwa ncha ya kalamu, "kila upande kuna kisehemu kimejikunja kama kidole cha mtoto. Kinashughulika sana na kumbukumbu, na kina mkono wake katika hisia. Tukiwaweka pamoja wagonjwa wengi, wale ambao kwao kisehemu hiki ni kikubwa kidogo huelekea kuitikia dawa upesi zaidi. Wale ambao kwao kimenywea, huelekea kuchelewa, au dawa ya kwanza isiwafae. Nimesema huelekea. Kuna waliokuwa na kidogo wakapona, na wenye kikubwa wasipone. Picha hii si hukumu."

"Na changu?"

"Chako ni kidogo kuliko cha dada yako."

Dobi alisikia kigari cha chakula kikipita ukumbini.

"Kwa nini?" Dobi ndiye aliyeuliza, kwa sauti kali, kana kwamba daktari ndiye aliyekipunguza.

"Hilo siwezi kukuambia kwa hakika. Pengine mtu huzaliwa nacho hivyo. Pengine ugonjwa ukikaa sana ndio unakinyweza." Akamgeukia Cherehani. "Umeanza lini kujisikia hivi? Simaanishi tangu msiba. Mara ya kwanza kabisa."

Dobi alitaka kumjibia. Alitaka kusema kwamba huyu alikuwa mcheshi wa mtaa mzima, kwamba yeye Dobi ndiye aliyekuwa mzito tangu utoto. Lakini Cherehani alikwisha kufungua mdomo.

"Shule ya msingi," alisema.

"Wewe?" Dobi aliruka. "Wewe uliyekuwa hunyamazi?"

"Nilikuwa naongea ili nisisikie, dada. Nikinyamaza tu, inaanza. Kwa hiyo sikunyamaza." Akatazama kile kioo tena. "Mama alipokufa nikachoka kuongea."

Dobi aliketi hapo akizipitia siku zote alizokuwa ameinamia suruali akitabasamu, hatua chache kutoka kwa mtu anayezama, akidhani anasikiliza burudani. Machozi yakamshuka. Cherehani alimtazama akilia kama mtu anavyotazama mvua ya nyumba ya jirani.

Daktari alibadilisha dawa. Alimuuliza pia, wazi wazi, kama ana mawazo ya kujidhuru. "Sitaki kufa," Cherehani alimjibu. "Ni vile tu sioni tofauti." Daktari akataka amwone kila wiki, na Dobi akaapa kutomwacha peke yake. Akahamishia godoro lake chumbani kwa mdogo wake, na Kiroboto akalala katikati yao.

Na hapo ndipo jambo jingine lilipoanza, polepole, bila mtu kulipanga. Ni Dobi aliyemwogesha mtoto, akamlisha, akamsuka. Ni Dobi aliyemsikiliza hadithi zake za sungura aliyeiba sabuni. Mtoto hukimbilia kunakoitika. Adhuhuri moja Kiroboto alikuwa akirukaruka uani, akajikwaa kwenye ndoo, goti likachanika. Cherehani alikuwa ameketi kizingitini, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mtoto aliinuka akilia, akampita mama yake, akakimbia mpaka kwenye kamba ambako Dobi alikuwa akianika mashuka.

"Mama! Mama!"

Hakusema Mama Mkubwa. Neno "mkubwa" lilikuwa limebaki njiani.

Dobi alimbeba. "Mama yako yule pale, mwanangu. Nenda kwa mama." Kiroboto alimtazama yule aliyeketi kizingitini, kisha akaficha uso wake shingoni mwa Dobi.

Mtoto alipokwisha kunyamaza na kurudi kwenye ndoo yake, Dobi alikwenda akaketi kando ya mdogo wake. "Ulimi wa mtoto umeteleza tu," alisema.

"Haukuteleza." Cherehani alikuwa akitazama damu kidogo iliyodondoka sakafuni. "Dada, najua hili linapaswa kuniuma. Nimeyatafuta hayo maumivu. Ninapapasa humu ndani kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu. Siyapati." Akaondoa macho sakafuni. "Si wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi? Basi mimi ni nani?"

Dobi aliinuka akarudi kwenye kamba. Alijikaza kisabuni mpaka alipofika nyuma ya mashuka, na hapo akajifunika uso na shuka bichi akalia bila sauti.

Dereva aliporudi safari alikaa wiki nzima, akajaribu kila alilolijua. Alileta redio. Alisimulia vituko vya barabarani. Alimshika mkewe mkono jioni nzima. Mwishowe alimfuata Dobi dukani, akasimama kati ya nguo zilizotundikwa, mtu mkubwa asiyejua aweke wapi mikono yake. "Shemeji, niliondoka nikaacha mke. Yuko pale, namwona, lakini namtafuta." Alitaka kumpeleka mtoto kwa dada zake, kwenye mji mwingine. Dobi alimsihi. Wakakubaliana mtoto abaki kwa Dobi mpaka mama yake apone. Walisema "mpaka apone" mara nyingi, kama wanaogopa neno hilo litawatoroka.

Dawa ya pili haikufanya kitu. Ya tatu ilimletea usingizi na hamu kidogo ya kula, ikaishia hapo.

Kisha asubuhi moja Dobi alimkuta mdogo wake ameoga mwenyewe. Amechana nywele. Amevaa gauni safi. Dobi alishika mwimo wa mlango kwa furaha. "Umeamkaje, mdogo wangu?"

"Mwite mtoto," Cherehani alisema.

Kiroboto alikuja akiruka kwa mguu mmoja. Cherehani akamkalisha mbele yake, akamweka sawa ukosi wa gauni, polepole, kwa vidole vilivyowahi kukunja maelfu ya kola. Akasema, "Sikiliza, mama. Kuanzia leo mimi niite Mama Mdogo. Umesikia? Mama ni huyu." Akamnyooshea Dobi kidole.

"Acha!" Dobi alipiga kelele. "Koma kabisa! Usimwambie mtoto maneno hayo!"

Kiroboto aliwatazama mmoja baada ya mwingine, midomo ikimcheza. Cherehani akamwambia akacheze, akaenda.

"Umechanganyikiwa," Dobi alisema. "Mimi sikuombi mtoto. Sijakuomba. Namlea kwa sababu ni wako."

"Najua hukuniomba. Ndiyo maana nakupa." Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya mtu aliyemaliza kufikiri. "Unakumbuka Mama alivyokuwa akijifungia chumbani na kushusha mapazia? Tunaketi nje ya mlango, tunasubiri leo atatoka. Leo hatoki. Kesho tunasubiri tena. Miaka yote ile, dada. Huyu mtoto akiamka ananitazama usoni kuona kama nimerudi. Kila asubuhi namvunja moyo. Mama mdogo akiwa kimya, ni mama mdogo tu, mtoto anakwenda zake kucheza. Mama mdogo hasubiriwi mlangoni."

"Na ukipona?"

Cherehani alifikiri kidogo. "Nikipona nitajua nimetoa nini," alisema. "Hilo ndilo jambo pekee linalonitisha. Vingine vyote vimekuwa sawa tu."

Dobi alimpigia simu dereva. Alilia kwenye simu, dereva naye akalia kwenye simu, gari likiwa limeegeshwa pembeni mwa barabara. Hawakukubaliana na Cherehani, hawakuweza pia kumbishia. Ila mtoto alikubali. Kwa siku chache alilichezea neno hilo mdomoni kama pipi ngeni, "Mama Mdogo, Mama Mdogo", kisha likazoeleka. Na kweli, asubuhi aliacha kutazama uso wa mtu. Aliamka akarukia uani. Dobi aliona mzigo umemtoka mtoto mabegani, akaumia kuona kwamba mdogo wake, hata ndani ya giza lile, alikuwa amekisia sawa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, daktari alipendekeza tiba nyingine: mgonjwa analazwa usingizi wa dawa, kisha ubongo unaguswa na umeme kidogo, mara kadhaa kwa majuma kadhaa. Alieleza kwamba kuna ambao dawa huwashinda na tiba hiyo ikawainua. Hakuahidi. Cherehani alikubali kwa sababu Dobi alimwomba, si kwa sababu alitarajia kitu.

Kila mara Dobi alimsindikiza, na mtoto akawa anakwenda nao kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya mlango wa rangi ya maziwa, Kiroboto akihesabu vigae sakafuni kwa hesabu yake mwenyewe iliyoruka namba.

"Mama, Mama Mdogo atapona?"

Dobi alikwisha kudanganya watu wengi mwaka huo, kwa kuburuta miguu na kukohoa. "Sijui, mwanangu," alisema. "Tunajaribu."

Jibu hilo likamtosha mtoto. Akarudi kwenye vigae.

Siku ya matibabu ya sita au saba, Cherehani alitoka ameshikwa mkono na muuguzi, kichwa kizito, macho yakipepesa kwenye mwanga. Alisimama akautazama ukumbi kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Kisha macho yake yakamwona mtoto pale chini, yakatulia hapo. Kwa muda mrefu yakatulia hapo.

"Huyu mtoto amekula?" aliuliza.

Dobi aliruka kusimama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mdogo wake hakuwahi kuuliza kama yeyote amekula. Lakini kabla hajajibu, Kiroboto aliinua uso wake, akajibu kwa adabu nzuri, kama alivyofundishwa.

"Ndiyo, Mama Mdogo. Nimekula na Mama."

Cherehani aliweka mkono ukutani. Kitu kikaanza usoni mwake, kidogo kwanza, kwenye pembe za mdomo, kisha uso wote ukakunjamana. Muuguzi akamuuliza kama ana kizunguzungu. Hakumjibu.

Dobi alikuwa amemwomba Mungu siku hiyo ifike, siku mdogo wake atakaposikia kitu, chochote. Sasa ilikuwa imefika mbele yake ukumbini, mchana kweupe, watu wakipita na vyeti vyao, na angekuwa na uwezo angeirudisha ilikotoka. Alimfuata, akampitishia mkono kiunoni. Cherehani akamwegemea kwa uzito wake wote.

"Twende nyumbani, dada," alisema. Akamtazama mtoto aliyekwisha kutangulia mlangoni, akirukaruka juani. "Twende, kabla sijamwita mwanangu."

Wakatoka polepole.